Kikapu Hakina Moshi

Saa kumi na moja alfajiri, Kisumu Ndogo, Malindi.
Adhana haijaisha, jiko langu limeshika.
Kunde zimelala majini tangu jana,
zimevimba kama mtoto aliyenuna.
Mfupa wa shingo, wa shilingi hamsini:
Tsuma wa bucha aliutazama mara mbili
akauliza, "Huu wa mbwa au wa watu?"
Nikamwambia, "Funga. Mchuzi utakujibu."

Vitunguu viwili. Nyanya za fungu la jioni,
zile zilizobonyea, ambazo muuzaji
hukusukumia bila kukutazama usoni.
Binzari kijiko cha chai,
pilipili moja nzima, isipasuke,
maana Kahindi ana miaka sita.

Mkaa nimeuhesabu: vipande kumi na vitatu.
Zamani kasuku nzima iliishia kwenye kunde
na kunde zenyewe bado zagonga meno.
Sasa nachemsha mpaka kifuniko kicheze,
nahesabu hadi mia tano huku nafunga leso,
kisha naipakata sufuria
naipeleka kitandani kwake.

Kitanda chenyewe ni kikapu cha ukindu
nilichokishona ndani kwa kanga iliyochoka,
nikakishindilia sponji za mito
iliyotupwa pale gesti ninakofua mashuka.
Vichwa vya wageni wangapi viliota humo
sijui. Sasa inaota sufuria.
Nafunika, nakaza kamba,
namwambia Kahindi: ukitoka shule usifungue.
Joto ni kama siri, likipata upenyo halirudi.

Halafu naondoka.
Siku nzima mikono yangu imo kwenye dawa ya madoa,
mashuka thelathini na mawili, taulo sizihesabu,
na kule nyumbani kuna anayenifanyia kazi
bila kudai nauli, bila kuomba chai,
gizani, kimya, anaubembeleza mfupa
mpaka uachilie ulichokificha.

Lakini moshi, kumbe, ulikuwa barua.
Sikujua. Siku ya nne, jioni,
Bi Mwanatumu wa mlango wa buluu,
ambaye mwanawe wa Mombasa hapigi simu,
alibisha na sahani iliyofunikwa kwa sahani:
vipande viwili vya muhogo, chumvi pembeni.
"Nimetazama paa lako siku tatu," akasema,
"sijaona hata uzi wa moshi.
Sikutaka kuuliza. Kuleni kwanza."

Nilisimama, sabuni bado kwenye kucha.
Muhogo ule ulikuwa nusu ya chakula chake,
nilijua kwa namna alivyoishika sahani.
Kahindi alikuwa amelala, amekumbatia kikapu,
shavu kwenye kanga, akiotea uvuguvugu.
Tulimsogeza polepole kama mtungi uliojaa.
Nikafungua kamba.

Ule mvuke, jamani!
Bi Mwanatumu alirudi nyuma hatua moja
akasema "Bismillahi", si kwa kula, kwa woga,
akainama kutafuta moto chini ya kikapu.
Hakuna. Akagusa ubavuni. Hakuna.
Kunde zimelainika, zimeshikana mikono,
nyama imeuaga mfupa bila ugomvi.
Nikatia tui la nusu nazi,
nikairudisha jikoni dakika mbili tu
kwa makaa ya chai.

Tulikula watatu, muhogo wake ndani ya mchuzi wangu.
Mfupa alipewa Kahindi, akaupuliza kama zumari,
ukatoa uboho, haukutoa sauti.
Bi Mwanatumu alipangusa sahani kwa kidole
akasema kikapu ni kizuri, ila kina ila moja:
hakisemi.

Tangu hapo, kila nikishakaza kamba asubuhi,
nachukua kipande cha mkaa, kile cha kumi na nne,
nachora mstari ukutani, kando ya mlango wa buluu.
Maana yake: tunacho. Njoo na sahani tupu.
Mvua ikiufuta, nachora tena.